Sabuni Sitini na Nne

Wiki iliyopita niliwaacha langoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, na mama yangu amekaa kwenye benchi mbele yangu. Wengine mmemwuliza mhariri kama nilikimbia. Sikukimbia. Mama alikuwa ameshaniona.

Kwa anayeanza kusoma leo: mimi ni Chelagat, kwetu Keringet. Shule niliiacha darasa la tano, baba alipohamishwa shamba. Mwaka huu nikaja Nakuru kufanya kazi ya kufua kwa Mwalimu Eucabeth, mke wa Nicodemus Owuor wa reli. Huku misheni kuna chuo cha wakunga ambacho huchukua hata msichana ambaye hakumaliza shule, mradi apate alama hamsini kwa mia katika mtihani wa hesabu. Mara ya kwanza nilipata ishirini na tatu. Hii ilikuwa mara ya pili, na mara ya tatu hawampi mtu.

Mama hakujua lolote juu ya chuo. Alichojua ni kwamba binti yake anafua nguo mjini huku akingoja kuolewa na Kiprugut, dereva wa trekta, mtu ambaye mimi mwenyewe nilikuwa nimezungumza naye mara chache sana, tena juu ya mvua.

Lakini chuo na hospitali vina lango moja. Na mama alikuwa amemleta Sally, mke wa kaka yangu Kimaiyo, kujifungua.

"Wee Chelagat!" mama akasema. "Unafanya nini hapa asubuhi yote hii?"

Mkononi nilikuwa na kipande cha sabuni.

"Nimekuja kufua, mama."

Akaitazama sabuni. Uso wake ukafunguka.

"Mpaka hospitali wamesikia unavyofua! Sally, umesikia? Wamemwita mpaka hospitali."

Sally alikuwa ameshika kiuno kwa mikono miwili. Hakuwa na nafasi ya kunisifu.

"Ingia, ingia, usichelewe kazi," mama akanisukuma. "Na ufue vizuri!"

Nikaingia kwenye chumba cha mtihani kwa baraka za mama, baraka za kitu kingine kabisa.

Sasa ni lazima niwaeleze habari ya ile sabuni, maana bila hiyo hamtaelewa mambo yaliyonipata baadaye.

Niliporudi nyumbani na zile alama ishirini na tatu, Mwalimu Eucabeth hakunigombeza. Zamani alifundisha shule kabla hajaolewa, ndiyo sababu mpaka leo mtaa mzima wa nyumba za reli unamwita Mwalimu. Alinikalisha jikoni, yeye akichambua mboga, mimi nikisugua kola za mashati ya mzee wake.

"Vipande vya sabuni arobaini na nane," akasema. "Ukiuza robo, vinabaki vingapi?"

"Thelathini na sita."

Hata sikuacha kusugua. Akanitazama.

"Matofali mia moja ishirini, mafungu manane?"

"Kumi na tano kila fungu."

"Yawa! Na huyu ndiye aliyepata ishirini na tatu? Haya. Ng'ombe arobaini na nane, ukiuza robo, wanabaki wangapi?"

Nikaacha kusugua. Nikaitazama kola.

"Chelagat?"

"Ng'ombe wa nani, Mwalimu?"

"Wa nani? Wa kitabu!"

"Kitabu hakina mwenyewe?"

Akaweka kisu chini.

Ilibidi nimweleze. Kwetu mtu hahesabu chenye uhai. Ng'ombe wakirudi jioni baba husimama kwenye mlango wa boma akiwatazama wanavyoingia, na akikosekana mmoja atamtaja kwa jina na rangi. Hatasema ni wangapi. Watoto ndio kabisa. Ukimwuliza mama yangu ana watoto wangapi atakujibu, "Wapo." Ukiwaonyesha kwa kidole mmoja mmoja, huyu, huyu na huyu, ni kama unamwonyesha mauti njia ya nyumbani.

Na huo mtihani wa kwanza ulikuwa umejaa vyenye uhai. Kondoo wa bwana fulani. Kuku wa mama fulani. Wanafunzi wamepangwa mistari. Kila nilipofika kwao kalamu ilikauka mkononi. Niliwaza, sasa mimi huyu bwana na kondoo wake wamenikosea nini?

Nicodemus alikuwa ametoka kazini, masizi ya injini bado usoni, na alikuwa akisikiliza mlangoni.

"Mama yangu alikuwa hivyo hivyo," akasema. "Nilihesabu kuku wake siku moja, akanifukuza mpaka mtoni."

"Nicodemus, nani amekuuliza?" mkewe akasema. "Oga kwanza. Chelagat, msichana wangu, sikia. Sabuni ina uhai?"

"Haina."

"Ukiihesabu inakufa?"

"Inaisha tu."

"Basi. Kuanzia leo ukikutana na ng'ombe kwenye karatasi, mgeuze sabuni. Kondoo, sabuni. Mtoto, sabuni. Hata mimi ukinikuta huko, nigeuze sabuni. Hesabu sabuni zako, pata jibu, endelea na safari."

Ndivyo tulivyofanya. Nilifua na kuhesabu. Kila Jumapili baada ya kanisa Mwalimu alinitungia mtihani mdogo, na alama zikaanza kupanda kama mtu anayepanda mlima Menengai: taratibu, huku anahema. Arobaini. Hamsini na tano. Siku nilipopata sabini na mbili Nicodemus alinunua mkate.

Na asubuhi ya mtihani wenyewe Mwalimu akanikatia kipande cha sabuni. "Kiweke mezani pako," akasema. "Ukiogopa, kitazame."

Sasa turudi chumbani.

Tulikuwa wasichana wachache, kila mmoja na meza yake. Nje upepo ulikuwa ukipeperusha lile vumbi jeupe la ziwa mpaka madirisha yakawa kama yamepakwa unga. Msimamizi wetu alikuwa Sista mwenyewe, mkuu wa chuo, mzungu mrefu mwenye Kiswahili alichojifunza kwa wapishi wa mashambani.

Akapita katikati ya meza, akasimama kwangu.

"Hii kitu gani?"

"Sabuni, Sista."

"Ya nini?"

Wasichana wakacheka. Sista akakichukua kile kipande, akakinusa, akakigeuza huku na huku kuona kama kimeandikwa kitu. Kilikuwa safi kuliko mimi. Akakirudisha.

"Mtihani hii iko ya hesabu," akasema. "Hapana ya kufua." Akaenda zake.

Nikageuza karatasi. Swali la kwanza: mfugaji alikuwa na ng'ombe tisini na sita, theluthi moja wakafa kwa ugonjwa, wamebaki wangapi?

Nikatazama sabuni. Tisini na sita, theluthi ni thelathini na mbili, zinabaki sitini na nne. Nikaandika. Swali la pili. La tatu. Mkono ulikwenda wenyewe, kama kwenye ubao wa kufulia. Nilipoweka kalamu chini bado wengine walikuwa wakihesabu kwa vidole.

Nilitoka nje na sabuni yangu mkononi, nikitabasamu peke yangu. Mama hakuwepo tena kwenye benchi. Walikuwa wamempeleka Sally ndani. Nikakaa mahali pake nikingoja. Nikajiona tayari nimevaa nguo ya chuo.

Saa nane mchana Sista akatokea mlangoni.

"Chelagat nani?"

Nikasimama.

"Kuja ofisini. Wengine ngoja."

Wasichana walinitazama kama mtu anayepelekwa korti.

Ofisini karatasi yangu ilikuwa mezani. Sista akavaa miwani.

"Mimi nasoma karatasi yako mara mbili. Mara ya kwanza nadhani mimi nagonjwa. Sasa wewe soma. Hapa, jibu ya kwanza."

Nikasoma.

"Sabuni sitini na nne," nikanong'ona.

"Swali nasema ng'ombe. Ng'ombe tisini na sita. Ngapi nabaki? Wewe nasema sabuni. Ng'ombe nakwenda wapi?"

Nikaikodolea macho karatasi.

"Soma ya tano."

Ya tano ilikuwa ya mama mwenye watoto saba, kila mmoja anakunywa vikombe viwili vya maziwa. Mimi nilikuwa nimeandika: sabuni saba zinakunywa vikombe kumi na vinne.

"Ya tisa."

"Sabuni arobaini na tano zimepangwa mistari mitano, kila mstari sabuni tisa."

"Hiyo iko watoto wa shule!"

Msomaji, nilikuwa nimewageuza wote kuwa sabuni, na nikasahau kuwarudisha.

Sista akavua miwani. Midomo yake ilikuwa ikitetemeka, na sikujua kama ni hasira au nini.

"Namba iko sawa. Karibu yote sawa. Mimi nahesabu alama themanini na moja. Hakuna msichana mwingine leo napata themanini. Lakini mimi tapeleka karatasi hii kwa daktari namna gani? Kesho mama nazaa, wewe taandika, sabuni moja nazaliwa?"

Mimi ni mtu ambaye hata dukani huonyesha kwa mkono ili nisiseme. Lakini alama themanini na moja zilikuwa pale mezani, na nilikuwa nimezitolea jasho. Nikafungua mdomo. Nilimweleza yote: boma, baba, mama na "wapo" yake, jikoni, kola za mashati. Nadhani sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja.

Nilipomaliza Sista akavaa tena miwani yake.

"Mimi nafahamu," akasema. "Lakini hapa kila asubuhi mkunga naingia wodi, nahesabu watoto, naambia daktari. Kama mtoto moja napotea, au moja nagonjwa, tunajua mara moja. Hesabu iko kazi ya kulinda mtoto, hapana kuua. Kama wewe hapana weza, mimi hapana weza chukua wewe."

Akaonyesha korido.

"Kwenda wodi. Rudi, ambia mimi watoto ngapi. Ukisema sawa, alama themanini na moja yako. Ukikosa, kwenda nyumbani na sabuni yako."

Nikaenda. Niliposukuma mlango wa wodi, mtu wa kwanza niliyemwona alikuwa mama.

Alikuwa mwisho kabisa wa chumba, amekaa karibu na kitanda cha Sally, mgongo kwangu. Sally alikuwa amelala usingizi. Kumbe alikwisha kujifungua! Nilitaka kupiga kelele za furaha, nikajiziba mdomo. Mama akigeuka anione nawahesabu watoto wa watu, na mmoja wao mjukuu wake, leo Nakuru ingekuwa ndogo.

Vitanda vya watoto vilipangwa ukutani, mistari miwili, kumi na kumi. Nikainua kidole. Kidole kikashuka chenyewe. Nikajaribu kuwaita sabuni, lakini sabuni ya kwanza ikapiga chafya.

Wale hawakuwa wa kitabu. Kila mmoja alikuwa na mwenyewe, amelala hapo kando yake.

Nikageuza macho ili nisiwatazame, na macho yakaangukia kitanda kidogo kisicho na mtoto. Shuka tupu, imekunjwa.

Nikakitazama sana kile kitanda.

Kitanda kitupu hakina uhai. Kitanda kitupu unaweza kukihesabu mchana kutwa na usimdhuru mtu. Nikatupa jicho mistari yote miwili, nikitafuta vitupu peke yake, watoto wenyewe sikuwagusa hata kwa kope. Vitupu sita. Ishirini, ukitoa sita!

Nilirudi ofisini nikikimbia.

"Kumi na wanne, Sista!"

Nilisema kwa nguvu mpaka nikajishtua. Lakini Sista alitikisa kichwa polepole.

"Hapana. Kumi na tano."

"Kumi na wanne, Sista. Vitanda ishirini, vitupu sita."

"Watoto iko kumi na tano. Wewe nahesabu vitanda?" Akasimama. "Twende. Sasa wewe tahesabu mbele yangu. Kwa kidole."

Safari hii hapakuwa na pa kujificha. Viatu vya Sista viligonga sakafu wodi nzima, na mama akageuka.

"Chelagat! Umemaliza kufua?"

Akaniona mimi, akamwona mzungu, akaona kidole changu kimeinuka nusu. Tabasamu likamtoka.

"Unataka kufanya nini na hicho kidole?" akaniuliza kwa lugha yetu.

Hapo ndipo nilipoona kile ambacho sikukiona mara ya kwanza. Kwenye kitanda kidogo kando ya Sally, chini ya blanketi moja, vilitokeza vichwa viwili. Mapacha! Wamelazwa pamoja wapate joto.

"Mama," nikasema, "huyu Sista anataka nimwambie wako wangapi."

"Kwa nini? Amewapoteza?"

"Ni kazi, mama. Wanaangalia kila asubuhi kama wote wapo."

"Si aangalie tu?"

"Ni wengi, mama, na kila siku ni wengine. Hawajui majina yao."

Akafikiri. "Na wewe ulimwambia?"

"Nilihesabu vitanda vitupu. Lakini nimekosea kwa sababu ya hawa wa Sally, wamelala kitanda kimoja."

"Vitupu?"

"Vitupu, mama."

"Wenyewe hukuwaonyesha kidole?"

"Sikuwaonyesha."

Mama akatazama mistari miwili ya vitanda kutoka mwanzo hadi mwisho, vile baba anavyotazama boma jioni. Sista akataka kusema kitu, nikamwomba kwa macho asiseme.

Kisha mama akainuka. Akaingiza mikono chini ya blanketi, akamtoa mmoja wa wale mapacha, akavuka naye hatua chache mpaka kwenye kitanda kitupu cha jirani, akakunjua shuka, akamlaza. Akamfunika vizuri kwa kitenge chake mwenyewe.

Akarudi kukaa.

"Sasa hesabu vitupu vyako," akasema.

Nikahesabu.

"Vitano. Ishirini kutoa vitano. Kumi na watano, Sista."

Sista alimtazama mama. Halafu akamtazama yule mtoto aliyehamishwa, ambaye alikuwa amelala fofofo bila habari. Kisha akacheka, kicheko kikubwa mpaka wagonjwa wakainua vichwa.

"Sabuni kumi na tano!" akasema. "Basi. Themanini na moja iko yako. Mama, kuja hapa. Chuo hapana chukua msichana bila mzazi naweka kidole kwa karatasi."

Mama akanigeukia taratibu.

"Chuo gani? Wewe ulisema umekuja kufua."

Nikafungua mkono. Kile kipande cha sabuni bado kilikuwa ndani, kimelowa jasho. Nikamweleza mara ya pili siku ile, sasa kwa lugha yetu, na nilipofika kwenye sabuni saba zinazokunywa maziwa nikaona mabega yake yakitikisika. Mama anapozuia kucheka hutazama juu. Aliitazama dari muda mrefu.

"Kwa hiyo utakuwa mtu wa kuwapokea watoto," akasema mwishoni.

"Ndiyo, mama."

"Kama yule aliyenishikia hawa wa Sally leo? Maana yule msichana alijua kazi. Mimi nilikuwa nimekata tamaa pale mlangoni."

"Kama yule."

Sista akaleta karatasi na kidau cha wino. Mama akachovya kidole gumba, akakiinua kikiwa cheusi mpaka kwenye kucha. Kisha akakisimamisha hewani.

"Na Kiprugut nitamwambia nini?"

"Mwambie asubiri, mama."

"Mimi? Mwambie mwenyewe. Nani unafikiri ametuleta na lori la bwana wake?"

Akaelekeza kile kidole cheusi mlangoni.

Kiprugut alikuwa amesimama pale, kofia kwapani, kibuyu cha maziwa aliyomletea Sally mkononi. Sijui alikuwa hapo tangu lini, lakini uso wake ulionyesha kwamba hakukosa neno. Nilitamani kuingia chini ya kitanda kitupu, chochote kati ya vile vitano.

"Mama, usiweke kidole bado," akasema.

Wagonjwa wote wakamgeukia. Hata Sista.

Kiprugut akaja mpaka katikati ya chumba. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza hakusema lolote juu ya mvua. Akaweka kibuyu chini, akamgeukia Sista.

"Sista, samahani. Huo mtihani wa sabuni, wanaume nao wanaruhusiwa?"

Mama akanitazama mimi, akamtazama yeye, akamtazama Sally aliyelala, na wale wawili kila mmoja kwenye kitanda chake.

"Nimekuja hapa na mgonjwa mmoja tu," akasema. "Sasa nitarudi Keringet na nani?"

Na kidole chake bado kilikuwa hewani, wino umeanza kukauka.